Usiku tuliomtafuta Mangi

Mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, Moshi ilipoa. Wageni wa mlimani waliacha kuja, wapagazi wakarudi mashambani, hoteli zikafunga mageti, na walinzi wa hoteli wakaambiwa wasubiri nyumbani mpaka watakapoitwa. Mjomba alikuwa miongoni mwao. Alikuwa analinda na mbwa, mbwa mmoja huyo huyo kwa miaka, jina lake Sultani. Alikuja kwetu Majengo na begi, koti la kazi na mkanda wa ngozi wa kumshikia mbwa, ambao aliununua kwa pesa yake. Sultani alikuwa mali ya kampuni, akabaki kule.

Mtu aliyezoea lindo halali usiku. Saa nane mjomba alikuwa anazunguka nyumba, anajaribu komeo, anaingia ndani, anakaa kidogo, anatoka tena. Saa hizo mimi na mdogo wangu tulikuwa macho sebuleni na kompyuta ya dada, maana mchana aliitumia mwenyewe na usiku ndiyo ilikuwa zamu yetu. Betri ilikuwa imekufa. Waya wa chaji ulishika pale tu ulipoinuliwa kidogo, kwa hiyo tuliuegemeza kwenye kifuniko cha soda, na mtu akiigusa meza kila kitu kinazima. Mjomba alipovuta kiti kukaa nasi mara ya kwanza, tulimwamkia, kisha tukamwomba asiiguse meza.

Tulikuwa tunacheza Minecraft. Kwa asiyeijua, ni gemu iliyotengenezwa Uswidi, ikatoka rasmi mwaka 2011, na dunia yake yote ni vipande vya mchemraba viitwavyo bloku: udongo, mawe, miti, maji. Hakuna hadithi ya kufuata wala mtu wa kukutuma. Unachimba, unajenga, unafuga, na usiku unajificha mazombi na skeletoni wenye pinde. Porini humo kuna mbwamwitu wa kijivu. Ukimpiga mmoja, kundi zima linakugeukia macho mekundu. Ukimpa mfupa huenda akakubali, huenda akakataa. Kila mfupa una nafasi moja kati ya tatu. Akikubali, mioyo midogo inaruka juu ya kichwa chake, shingoni anatokewa na mkanda mwekundu, na kuanzia hapo ni wako. Anakufuata, anapigana na unayepigana naye, na ukimwambia akae, anakaa.

Wetu tulimpata kwenye msitu wa misonobari. Mdogo wangu ndiye aliyemfuga. Alikuwa amekusanya mifupa kwa kupambana na skeletoni, na sasa ilikuwa inamwishia mkononi huku mbwamwitu akimtazama tu, kichwa amekilaza upande. Nikamwambia tuondoke. Akatoa mfupa mwingine, mioyo ikaruka. Tukamwita Mangi.

Mjomba hakuikubali habari hiyo. "Mbwa mwitu hafugwi kwa mfupa," alisema. Aliwahi kufanya kazi Same, karibu na Mkomazi, ambako mbwa mwitu wetu, wale wenye madoa na masikio mapana, walianza kuzalishwa miaka ya 1990 ili warudishwe porini. Alijua kwamba hata yule aliyezaliwa ndani ya uzio hawi mbwa wa mtu. Mdogo wangu akamweleza kuwa hawa ni wengine, wa nchi za baridi, wenye undugu na mbwa wa nyumbani tangu zamani.

Mjomba akafikiri. "Kama ni babu yake Sultani, sawa."

Tangu hapo kiti chake kikawa kati yetu. Kipanya hakutaka kukishika. Sisi tulikuwa tunahangaika na chuma na almasi, yeye macho yake yalikuwa kwa Mangi tu, na aliona mambo ambayo sisi hatukuwa tumeyaona. Mkia, kwa mfano.

"Mbwa wenu ameumia," mjomba alisema.

Tukatazama, hatukuona alama yoyote.

"Tazameni mkia. Jana ulikuwa juu."

Na ndivyo ilivyo. Kwenye Minecraft mkia wa mbwamwitu aliyefugwa ndio kipimo cha afya yake: unashuka kadiri anavyoumia, na ukimlisha nyama unapanda. Gemu yenyewe haikuambii. Mjomba, ambaye hakuwahi kugusa gemu yoyote, alilijua kwa kuangalia, kwa sababu miaka yote hiyo amekuwa akimsoma mbwa gizani. Tukampa Mangi nyama, mkia ukapanda pale pale mbele yetu, na mjomba akajipiga goti kwa furaha.

Juu ya nyama iliyooza tulibishana naye sana. Zombi akifa huacha nyama mbovu. Mchezaji akiila huenda njaa ikamzidi, lakini mbwamwitu anaila bila madhara yoyote na inamponya. Kwetu ilikuwa akiba ya bure. Mjomba alikataa katakata: mbwa wa kazi halishwi uchafu, hata kama tumbo lake linauweza. Ikabidi tuchinje ng'ombe wa gemu na kuchoma nyama kwenye tanuri kwanza. Tena alitaka Mangi alishwe kila jioni. Tulimweleza kuwa mbwamwitu wa humu haoni njaa kamwe, na kwamba akiwa mzima ukamlisha, mioyo inamtoka kwa sababu anataka mwenzi. Mjomba alisema tumlishe hivyo hivyo. Mioyo ile aliichukua kuwa ni ahsante, na sikuwa na haja ya kumbishia.

Usiku ninaoukumbuka kuliko zote ulikuwa wa Mei, masika bado yanapiga. Tulikuwa tumetoka na Mangi tangu asubuhi ya gemu, tukaenda mbali kuliko siku nyingine, hadi tukafika kwenye korongo refu ambalo chini yake lava ilikuwa inang'aa. Mjomba akasema mbwa asishuke. Alikuwa ameshaona jinsi Mangi anavyoruka kutufuata bila kuangalia pa kukanyaga. Tukamkalisha ukingoni, tukashuka. Huko chini kripa, lile zimwi la kijani la gemu linalokujia kimya na kulipuka, akatujia kwa nyuma, akalipuka, tukafa.

Kufa kwenye Minecraft si mwisho. Unaamka kitandani kwako. Lakini mbwamwitu aliyekalishwa haamki na wewe. Aliyesimama, ukimwacha nyuma zaidi ya bloku 12 hivi, anatokea ghafla kando yako. Aliyekaa anabaki alipo, na hakuna wa kumsimamisha ila mwenye mbwa. Sisi tuko nyumbani, Mangi yuko kwenye ukingo wa korongo ambalo hatukujua liko upande gani. Kwamba kuna kitufe cha F3 kinachoonyesha ulipo kwa namba, hilo tulikuja kulijua baadaye.

"Tutafute mwingine," mdogo wangu alisema. "Kule kwenye misonobari wamejaa."

Mjomba alikuwa na koti lake la kazi, kwa sababu ya baridi. Akatoa mkono mfukoni, na mkononi ulikuwa ule mkanda. Ndipo nilipouona kwa karibu. Pale kiganja kinaposhika ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi na laini, na sehemu moja iliyoachia ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa fundi viatu.

"Mmemwambia akae," alisema. "Amekaa. Mnamrudia."

Hakupaza sauti. Mdogo wangu akashika kipanya.

Kisha mjomba akaanza kutuhoji, kwa subira, swali baada ya swali. Mlipokaribia korongo jua lilikuwa wapi? Mdogo wangu akakumbuka lilikuwa linazama na lilikuwa machoni petu. Jua la Minecraft linachomoza mashariki na kuzama magharibi kama letu, kwa hiyo tulikuwa tunakwenda magharibi. Hapo na mimi nikakumbuka mawingu: humo ndani huelekea magharibi siku zote, hayabadiliki. Basi dira tunayo, tuyafuate mawingu. Mlivuka maji? Mara moja, membamba. Misonobari ilikuwa mkono gani? Wa kushoto. Mjomba akaitikia kila jibu kwa kichwa. Alituhoji kwa uzito ule ule ambao angewahoji watu waliopotelewa na mbwa pale Rau au Njoro, na nilimpenda sana kwa hilo.

Mchana wa gemu ni dakika 10. Wa kwanza ulikwisha tukiwa tumeyavuka maji tu, tukachimba shimo kwenye kilima, tukajifungia. Nje mazombi yanaguna. Mjomba akaenda jikoni akarudi na chai ya tangawizi, akaviweka vikombe sakafuni, mbali na meza.

Kulipokucha tukaendelea. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba sauti ya kompyuta haikusikika. Mjomba akapiga magoti, akasogeza sikio kwenye spika, karibu kuigusa. Mbwa, alituambia, husikika kabla ya kuonekana. Tulitembea hivyo kwa muda mrefu, mdogo wangu anaendesha, mimi natazama mawingu, mjomba amefumba macho.

"Simama." Akasikiliza. "Amebweka. Kushoto."

Alikuwa ameisikia kwenye spika ya kushoto. Mdogo wangu akageuka, tukapita kwenye miti, na korongo lile likafunguka mbele yetu. Mangi alikuwa amekaa pale pale ukingoni na mkanda wake mwekundu. Mdogo wangu alipiga kelele hadi mama akagonga ukuta kutoka chumbani.

Mjomba hakupiga kelele. Aliangalia mkia kwanza.

"Amekula nini muda wote huu?"

Mdogo wangu akamweleza kwamba mahali ambapo mchezaji hayupo, dunia ile inasimama. Hakuna zombi anayetembea, hakuna kitu kinachosogea. Tulipokufa na kuondoka, kwa Mangi kila kitu kilisimama. Tuliposogea karibu, kikaendelea.

Mjomba akakaa kimya kidogo. "Kwa hiyo hajui kama tumechelewa."

"Hajui, mjomba."

"Sultani anajua."

Na ndipo akatusimulia, kwa mara ya kwanza tangu aje. Kwamba Sultani alizijua saa. Ikikaribia saa kumi na mbili jioni alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa banda, na mjomba akichelewa daladala alimkuta bado amesimama, hajagusa chakula. Kwamba alikula ugali wa dona na dagaa, na dagaa wakikosekana alisukuma sahani kwa pua. Kwamba mbwa yule aliyewahi kumwangusha mtu mzima ukutani alikuwa anaogopa radi, na usiku wa mvua kama ule walikaa wote wawili chini ya paa la getini, kidevu cha Sultani juu ya kiatu cha mjomba. Siku ya mwisho alimwambia akae, kama kawaida, maana bila hivyo angemfuata hadi barabarani. Akakaa. Mjomba akatoka getini. Mwenzake aliyebaki lindoni alimwambia kwa simu kuwa mbwa anakula, lakini mjomba alitaka kujua mkia uko vipi, na yule mwenzake hakuwa mtu wa kuangalia mkia.

Hatukujua la kusema. Mdogo wangu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la sita, akamsogezea kipanya.

Tukamwonyesha kitufe cha kulia. Mjomba akaanza na nyama ya kuchoma, taratibu, kipande kimoja kwanza, akangoja mioyo. Halafu akamsimamisha. Safari yote ya kurudi aliendesha mwenyewe, akiwa bado amepiga magoti, anagongana na miti, anasimama kila hatua chache kugeuka nyuma kuona kama Mangi anakuja. Adhana ya alfajiri ilitukuta tumevuka maji.

Asubuhi hiyo, kabla ya kulala, aliuliza kama kule kwenye misonobari bado wapo, kwa sababu mbwa mmoja hatoshi lindo. Usiku uliofuata tulienda kumtafutia Mangi jike, ingawa kwenye Minecraft wote ni sawa na wawili wowote wanazaa. Mjomba hilo hakulikubali hadi leo. Mtoto alipozaliwa, mdogo wangu alimwambia kuwa mkanda wa shingoni unaweza kubadilishwa rangi, na mjomba akachagua bluu.

Shule zilifunguliwa Juni 29, tukaambiwa tulale mapema. Mjomba akabaki na kompyuta peke yake usiku, na waya akaufungia kijiti ili usiachie. Agosti aliitwa kazini na akarudishiwa Sultani. Jinsi walivyoonana hakutusimulia sana, alisema tu kwamba shati lake la sare lilichanika.

Aprili 2024 wenye gemu waliongeza aina nyingine za mbwamwitu, wa theluji, weusi, wenye madoa, zikafika aina tisa. Wakaongeza na vazi la kumkinga mbwa vitani, linalotengenezwa kwa magamba ya armadilo. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana miaka yote tulikuwa tunaingia naye vitani akiwa na mioyo yake 10 tu. Nilimpigia mjomba kabla ya kumwambia mtu mwingine. Alikuwa lindoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama hilo vazi halimbani shingoni.