Waliosimama Sakafuni

Mlango wa 100 Club ni mdogo, umebanwa na maduka ya Mtaa wa Oxford, London, na mpita njia asiyeutafuta hauoni. Ukiingia unashuka ngazi mpaka chini ya ardhi, kwenye ukumbi wa kuta nyekundu na nguzo zinazowaziba macho waliosimama nyuma. Muziki umepigwa humu tangu 1942, mwanzoni jazi. Nilifika mchana, kabla mafundi hawajaanza kufunga mitambo, nikaomba ruhusa ya kusimama tu. Kijana wa zamu hakuniuliza sababu. Wamezoea wageni wa aina yangu.

Jukwaa liko chini sana. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoandika. Mwimbaji akinyoosha mkono anamgusa shabiki wa mstari wa mbele, na shabiki akirusha kitu, kinafika. Tarehe 20 na 21 Septemba 1976 hapa palifanyika tamasha la panki, roki ya kasi na fujo ya vijana wa wakati ule. Usiku wa kwanza walipiga Sex Pistols, The Clash, Subway Sect, na Siouxsie and the Banshees, ambao hawakuwa wamewahi kupanda jukwaa lolote: walisimama bila nyimbo, wakaivurugavuruga Sala ya Bwana kwa dakika kama 20, wakashuka. Usiku wa pili, The Damned wakiwa jukwaani, glasi ilirushwa, ikapasukia kwenye nguzo, na kigae kikaliharibu jicho la msichana mmoja. Nimesoma masimulizi mengi ya tamasha lile. Majina ya wapiga gitaa yamo yote. Yule binti hupewa sentensi moja.

Mimi nilikwenda Uingereza kwa ajili ya watu kama yeye. Nyumbani Tanga nimekaa sana na wazee wakinisimulia madansi ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz: kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, nani alikuwa mlangoni, nani alirudi kwa miguu alfajiri na viatu mkononi. Wanamuziki wana rekodi zao na picha zao. Mashabiki wana kumbukumbu zao tu, na wanaondoka nazo mmoja mmoja. Nilipopata nafasi ya kumtembelea dada yangu Leyton, mashariki mwa London, niliamua kuifanya kazi ileile kwa waliokuwa vijana wa huko miaka ileile.

Jirani wa dada ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Mombasa, aliyeletwa Uingereza na wazazi wake mwaka 1968, Wahindi wengi wa Kenya walipokuwa wakiwahi kuingia kabla sheria mpya haijawafungia mlango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani, vua koti, chai iko tayari. Yaani umetoka Tanga kuja kuniuliza habari za Roxy?"

"Ndiyo mzee."

"Wanangu mwenyewe hawajapata kuniuliza."

Klabu ya Roxy ilikuwa Mtaa wa Neal, Covent Garden, katikati ya London. Soko kubwa la matunda na mboga lilikuwa limehamishwa kutoka eneo hilo mwaka 1974, maghala yamebaki matupu, na kodi haikuwa ghali kama leo. The Clash walipiga pale siku ya Mwaka Mpya wa 1977, na kufikia Aprili 1978 klabu ilikuwa imeshafungwa. Kwa muda mfupi huo karibu kila bendi ya panki ilipita. Shida ni kwamba sahani za muziki wa panki wenyewe zilikuwa bado chache sana, kwa hiyo baina ya bendi na bendi mpiga sahani, Don Letts, kijana wa wazazi wa Kijamaika, alipiga rege. Mzee aliniambia rege ndiyo iliyomvuta. Alikuwa na miaka kama ishirini, akifanya kazi ghalani, na sehemu nyingi za usiku mabaunsa walikuwa wakimtazama rangi wanamgeuza. Roxy alipita.

Nilimwomba anieleze sakafu yake. Akafumba macho kidogo. Ilikuwa inateleza kwa bia, alisema, na harufu ilikuwa jasho na nywele zilizokakamazwa kwa maji ya sukari. Watu walirukaruka wima mahali pamoja, mikono imebana mbavuni, kwa sababu nafasi ya kucheza vingine haikuwepo. Bendi zilitemewa mate, na hilo alilichukia wakati ule na analichukia mpaka leo. Watu waliokuwa wakidai wanampenda mwimbaji walimtemea usoni. Namuunga mkono. Katika mambo yote ya zama zile, hilo sijaona wa kunishawishi kwamba lilikuwa na uzuri wowote.

Akamtaja Poly Styrene wa X-Ray Spex. Alimwona Roxy, binti wa baba Msomali na mama mzungu, amevaa nguo za rangi kali na waya wa kunyoosha meno, sauti yake inapasua dari. Mzee alisema kabla ya hapo hakuwahi kumwona mtu wa rangi yake, au wa kukaribia, akipiga kelele mbele ya wazungu nao wakashangilia.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa na hofu. Mwaka 1977 vijana wa Teddy Boys, wapenzi wa rock and roll ya zamani, walikuwa wakipigana na mapanki kwenye Barabara ya King's, na kwa kijana wa Kihindi kulikuwa pia na wafuasi wa National Front, chama cha wabaguzi wa rangi. Alizoea kuchomoa pini zote kwenye koti kabla ya kupanda treni ya mwisho. Rangi, alisema, haichomoki.

Basi tulipofika kwenye habari za Victoria Park, sauti yake ilibadilika. Agosti 1976 Eric Clapton alisimama jukwaani Birmingham akawasema vibaya wahamiaji na kumsifu Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga uhamiaji. Mashabiki waliokasirika walimjibu kwa barua magazetini, na kutokana na barua hizo ikazaliwa harakati ya Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi wa rangi. Aprili 30, 1978 watu waliandamana kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park, mashariki mwa London, makumi ya maelfu, na huko wakapiga The Clash, Steel Pulse, Tom Robinson Band, na X-Ray Spex. Mzee alitembea njia nzima. Hasemi mengi juu ya muziki wa siku ile, kwa sababu alikuwa mbali na spika hafifu zilimfikishia nusu tu. Anachokumbuka ni kwamba aliutembea mchana kweupe mtaa aliokuwa akiuogopa usiku, na wazungu wa umri wake wakiwa kulia na kushoto.

Kesho yake nilipanda treni Paddington kwenda Wales. Njiani nilikuwa nikiwaza habari ya Mzanzibari. Desemba 1, 1976 bendi ya Queen, ya Freddie Mercury mzaliwa wa Mji Mkongwe, ilikuwa imealikwa kwenye kipindi cha jioni cha televisheni ya Thames. Ikajitoa dakika za mwisho. Kampuni ya rekodi, EMI, ikawapeleka Sex Pistols badala yao. Mtangazaji Bill Grundy akawachokoza, wakamtukana hewani, saa ambayo familia zinakunywa chai, na asubuhi magazeti ya nchi nzima hayakuwa na habari nyingine. Ziara yao ya Desemba ilikuwa na maonyesho karibu 20. Halmashauri moja baada ya nyingine ikafunga milango. Derby madiwani walitaka kwanza bendi iwapigie wao, waamue kama inafaa, bendi ikakataa. Maonyesho yaliyofanyika ni machache ya kuhesabu kwa vidole.

Moja ni la Caerphilly, mji mdogo kaskazini ya Cardiff wenye ngome kubwa ya mawe iliyozungukwa na maji, mnara wake mmoja umeinama kana kwamba utaanguka kesho. Desemba 14, 1976 Sex Pistols walipiga katika sinema iliyoitwa Castle. Nje, wakazi na watu wa makanisa walikusanyika kwenye baridi, wakaimba nyimbo za Krismasi na kusali kupinga.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Alinionyesha mahali alipokatiza barabara usiku ule, kola imepandishwa hadi masikioni, kwa sababu shangazi yake alikuwa katika waimbaji. Ndani kulikuwa na viti vingi na watu wachache, na waandishi wa habari walionekana kuwa wengi kuliko walionunua tiketi. Hakuna aliyejua akae au asimame. Viti vya sinema havihami. Baridi ilikuwa kali mpaka watu hawakuvua makoti. Kila mlango wa nyuma ulipofunguliwa, sauti za nje ziliingia, halafu gitaa likazifunika. Watu wa Wales wanajua kuimba, alisema, na walikuwa wakiimba vizuri. Wakati huo aliwaona maadui. Siku hizi anawatetea kuliko ninavyoweza kuwatetea mimi: walikuwa wazazi wenye hofu, walioambiwa na magazeti kwamba watoto wao wanakuja kuharibiwa, na walichofanya ni kusimama na kuimba. Hawakuvunja kioo hata kimoja. Shangazi yake aliishi miaka mingi baada ya hapo, na wawili hao hawakulizungumza jambo lile.

Nilimuuliza onyesho lenyewe lilikuwaje. Akafikiri. "Fupi," akasema, na tukaendelea kutembea kando ya maji.

Manchester sikukaa sana. Jumba la Free Trade Hall, Mtaa wa Peter, limekuwa hoteli. Uso wa mawe wa mbele umehifadhiwa, ndani kuna mapokezi na mazulia. Ukumbi mdogo wa juu ndiko Howard Devoto na Pete Shelley, vijana wa Buzzcocks, walikowaleta Sex Pistols Juni 4, 1976 kwa kiingilio cha peni 50. Walikuja watu kama 40. Miongoni mwao Peter Hook, ambaye siku iliyofuata alinunua gitaa la besi, na rafiki yake Bernard Sumner. Wawili hao ndio waliokuja kuianzisha bendi ya Joy Division. Alikuwemo pia Morrissey, aliyekuja kuwa mwimbaji wa The Smiths. Ukitaka ushahidi kwamba shabiki si mtazamaji tu, ni huo. Sijui ukumbi mwingine ambao watu wachache hivyo waliondoka na mengi hivyo.

Fundi bomba mmoja mstaafu niliyekunywa naye chai pale aliniheshimisha kwa ukweli wake. Watu wengi wa umri wake mjini Manchester husema walikuwepo Juni. Yeye hakuwepo. Alikuwepo Julai 20, Sex Pistols waliporudi na safari hii Buzzcocks nao wakapiga, na aliyekuwa ameketi jirani yake alimwambia amekosa bora ya mwezi uliopita. Ameyabeba maneno hayo mpaka leo. Hata hivyo aliniimbia kwa mdomo jinsi gitaa la Shelley lilivyosikika usiku ule, na sehemu ya gitaa hilo iliyokuwa imekatika aliichora kwa mkono hewani.

Kutoka Manchester treni inakata milima ya Pennines mpaka Huddersfield. Stesheni yake ina nguzo kubwa kama hekalu, na mbele imesimama sanamu ya Harold Wilson, mwana wa mji huo, waziri mkuu ambaye Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na serikali yake Desemba 1965 kwa sababu ya suala la Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Nilimtazama kidogo nikaenda zangu mkahawani, ambako mama mmoja alikuwa akinisubiri.

Baba yake alikuwa zimamoto. Novemba 1977 wazima moto wa Uingereza waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 30, jeshi likatoa magari yake ya zamani ya kijani kuzima moto, na mgomo ukavuka Krismasi. Nyumbani kwao hapakuwa na mshahara. Ndipo ikasikika kwamba kuna sherehe ya watoto wa wagomaji mchana wa sikukuu, kwenye klabu ya Ivanhoe's, na wenyeji wake ni Sex Pistols, bendi ambayo kumbi nyingi za nchi zilikuwa hazitaki hata kuisikia.

Alikuwa na miaka tisa. Mama yake alisita, baba yake akasema chakula ni chakula. Walifuatwa kwa basi. Anakumbuka meza zilizojaa, fulana zilizogawiwa zikamfika magotini, beji, sahani za muziki. Anakumbuka mwimbaji wao Johnny Rotten akizungumza na watoto kwa upole, na mpiga besi Sid Vicious, aliyeandikwa kila siku kama shetani, akiwa na aibu kuliko watoto wenyewe. Walipoanza kupiga, sauti ilimtetemesha kifua na mdogo wake wa kiume akalia, kisha akaacha kulia na kuanza kuruka. Usiku bendi ikawapigia watu wazima. Hilo lilikuwa onyesho lao la mwisho Uingereza hadi waliporudiana mwaka 1996. Januari 1978, siku chache baada ya kupiga San Francisco tarehe 14, walisambaratika.

"Na keki?" nikamuuliza, maana habari za keki ile zimeandikwa mno.

Ilikuwa kubwa kuliko meza ya kwao, akasema. Rotten aliinama mwenyewe akatumbukiza uso ndani yake, watoto wakapiga ukelele, na hapo ndipo keki ilipoanza kurushwa. Nikamwambia nimesikia kwamba ni watoto waliomsukuma. Akatoa simu, akampigia mdogo wake, akaiweka mezani kwa sauti ya juu. Mdogo wake, mtu mzima sasa mwenye wajukuu, akaapa kwamba alimsukuma yeye, kwa mikono yake miwili, na kwamba dada yake hakuona kwa sababu alikuwa kwenye foleni ya fulana. Dada akasema alikuwa na fulana tayari. Wakabishana, wote wawili wakicheka na kukatana maneno, na mimi nikaandika yote mawili, lake upande wa kushoto wa ukurasa, la mdogo wake upande wa kulia.