Lori la jeshi huharibika likiwa limesimama

Magari ya jeshi yakipita kwenye gwaride, watu wanahesabu idadi. Mimi macho yangu yanaenda kwenye matairi. Nimefanya kazi ya stoo ya vipuri jeshini, hapa hapa Dar, mpaka nastaafu, na jambo hili bado linanikaa moyoni.

Daladala ya Mbagala inakimbia kutwa. Breki ikianza kulia dereva anasikia, jioni yuko kwa fundi. Lori la jeshi linaweza kukaa yadi miezi, limeoshwa, limepakwa rangi, na huku ndani linakwisha. Betri zinashuka zenyewe. Malori mengi ya kijeshi yanatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeungwa, na moja ikichoka inamuua mwenzake. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, na joto letu hili la pwani unyevu haukosi. Tangi la dizeli likiachwa nusu, maji yanajikusanya chini, vijidudu vinaota humo, na siku ya safari filta inaziba kabla hamjafika Chalinze.

Tairi ndilo linalodanganya kuliko vyote. Kashata, yaani meno ya tairi, nzima, halijala lami, anayelitazama kwa mbali anaona jipya. Inama usome ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha pitisha kidole gumba. Ukihisi vijinyufa, usipakie askari juu yake. Ndiyo maana stoo nilikuwa mkali: kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Shehena mpya ikifika, ya zamani inasogezwa mbele kwanza, hata kama vijana wamechoka na jua.

Wazee walionifundisha kazi walikuwa kwenye Vita vya Kagera. Mwaka 1978 serikali ilichukua malori na mabasi ya raia kupeleka watu na mizigo mbele, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Walichokuwa wakikisimulia zaidi ni spea: kila aina ya gari na filta yake, na mkanda wake, na likiharibika moja njiani, la jirani halina cha kulisaidia.

Hapo ndipo kunyofoa kunapoanza. Alteneta inatolewa gari hili inafungwa lile ili liondoke. Sikatai, kuna usiku hamna njia nyingine. Lakini iandikwe saa ile ile kwenye kitabu cha gari lililonyofolewa, na ombi la kipuri liende stoo siku hiyo hiyo. Bila hivyo, mwezi ujao kitanyofolewa kingine, na karatasi bado inasema gari ni zima.

Kwa maofisa vijana mnaonisoma: afande, asubuhi usiulize yako magari mangapi. Uliza yamewaka mangapi. Kisha yatolewe nje yakiwa na mzigo, yaende mpaka injini na gia vipate moto sawasawa, na fundi akague chini yanaporudi.