Mkia wa Msafara: Jumamosi Yangu ya Fahari Nairobi

Wikendi ya fahari (Pride) ya mashoga, wasagaji na wenzetu wengine Nairobi haifungiwi barabara wala haina lori la muziki, na ukija kutafuta watu waliojipaka rangi usoni wakicheza Moi Avenue, utarudi kwako mapema. Ina ukumbi wenye geti lililofungwa, orodha ya majina, na Jumamosi asubuhi ina pikipiki. Mimi ni mtu wa pikipiki. Siku za kazi nauza vipuri Kirinyaga Road. Wikendi hii najitolea kuwa mkia, yaani yule anayeendesha nyuma ya wote akiokota walioharibikiwa.

Saa kumi na moja alfajiri. Baridi ya Juni, ile ya manyunyu yasiyoamua kuwa mvua. Chai ya rangi, halafu sanduku: tyubu za saizi mbili, pampu, spana, plagi, waya, viungo vya cheni, kamba ya kuvutia. Mama wa nyumba ya pili alinikuta ngazini akaniuliza naenda wapi na baridi hii. Nikamwambia harambee. Sikumdanganya. Kila pikipiki inalipa shilingi 1,500 na kuja na pakiti za unga au za sodo, na vyote vinakwenda kwenye nyumba inayowapokea vijana waliofukuzwa na wazazi, baadhi yao wakiwa wamevuka mpaka kutoka Uganda baada ya sheria ya 2023 ya kupinga ushoga kule.

Saa moja kasorobo. Mahali pa kukutania sitapataja. Hutumwa kwa simu usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa mtu aliyejiandikisha na kudhaminiwa na mwingine tunayemjua.

Saa moja hadi saa tatu ni ukaguzi, na sitawachosha nao: matairi, breki, taa, leseni, bima, helmeti, rifleketa. Askari wa trafiki akitusimamisha, asipate hata kioo kilichopasuka cha kuanzia mazungumzo.

Msichana mmoja wa chuo, mara yake ya kwanza kujitolea, alikuwa akiandika namba za pikipiki kwa mkono unaotetemeka. "Dada, kwani hii si kinyume cha sheria?"

Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tairi la mtu, nikamjibu nikiwa hapo hapo. Kwamba vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Lakini vinahusu tendo la ngono, havihusu kukutana wala kuendesha pikipiki. Na kwamba Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ilisema ni ubaguzi kulinyima shirika usajili kwa sababu linatetea watu kama sisi.

"Sasa mbona tunajificha?"

"Mwenye nyumba wako hajasoma hukumu."

Akacheka, mkono ukatulia kidogo. Mimi sikucheka sana. Namjua mtu aliyerudi jioni akakuta godoro lake nje.

Saa tatu na nusu akaja yule bwana.

Pikipiki kubwa, mpya, inang'aa hadi kwenye spoki. Jaketi la ngozi. Na kwenye kidevu cha helmeti, kamera. Sheria ya msafara iko kwenye ujumbe aliotumiwa, iko kwenye karatasi aliyotia saini, na imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kadibodi iliyokuwa nyuma yangu: hakuna kamera, na simu inabandikwa stika.

"Hii ni ya kwangu tu, mathe. Kumbukumbu."

Nikamwambia aitoe. Akasema ataziba nyuso baadaye kwa kompyuta. Nikamuuliza kama ataziba pia namba za pikipiki, na sauti, na lile jaketi la kijani ambalo mtaa mzima wa mwenye nalo unalijua. Akasema mimi naogopa kupita kiasi. Nyuma yake foleni ilikuwa inarefuka, watu wamewasha injini ili zipate joto, petroli inaungua, na mwanamke aliyepaswa kuongoza msafara ananionyesha saa yake kwa kidole.

Halafu akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Si hii ni fahari? Fahari gani ya kuficha uso?"

Swali hilo si la kijinga, ndiyo maana liliniudhi. Nimejiuliza mwenyewe, usiku, mara nyingi. Lakini kuna watu wanaoweza kuliuliza kwa sauti kwa sababu wanaishi kwenye ghorofa lenye lifti na mlinzi, na ajira yao inalipwa kutoka nje. Pale kwenye foleni kulikuwa na nesi, na mwalimu wa shule ya msingi, na mama wa watoto wawili ambaye mume wake wa zamani anatafuta kitu cha kupeleka mahakamani. Ukitaka kuonyesha uso wako, uonyeshe. Wa mwalimu si wako kuuonyesha.

Sikumwambia hayo yote. Nilimwambia, "Kamera ndani ya sanduku langu, au unarudi nyumbani na unga wako." Akaitoa. Aliitoa polepole, skrubu moja baada ya nyingine, nasi tukimtazama.

Saa nne na kidogo tukatoka. Wanawake hutangulia. Desturi hiyo ilianzia San Francisco mwaka 1976, kikundi kidogo cha wanawake walipoongoza maandamano kwa pikipiki, na sababu ya kuwekwa mbele ilikuwa ya kifundi kabisa: pikipiki haipendi mwendo wa miguu, injini inachemka, klachi inaungua. Sisi hatuna waendao kwa miguu wa kuwatangulia. Lakini wanawake tumewaacha mbele.

Nikiwa nyuma niliona wote. Karen, Ngong, Matasia, Kiserian, mstari mrefu wa rifleketa kwenye ukungu, makondakta wa matatu wakitupigia miluzi, watoto wakipunga mikono. Hakuna aliyejua sisi ni nani, na hakuna aliyekuwa amejificha kichakani pia. Helmeti inampa mtu nafasi ya kupita katikati ya barabara kuu mchana kweupe na mpenzi wake amemshika kiuno, akapungiwa mkono na polisi. Kwa saa moja na nusu hivi nilikuwa na furaha ambayo si rahisi kuieleza kwa mtu asiyeendesha.

Corner Baridi tukanywa chai, Bonde la Ufa lote likiwa chini yetu na mawingu. Helmeti zikatoka, watu wakakumbatiana. Na yule bwana, simu yake ikiwa imefungwa kwenye usukani, stika imebanduliwa, taa nyekundu inawakawaka.

Tulifuta pamoja. Nilisimama naye hadi akaingia kwenye pipa la taka la simu na kulimwaga pia. Chai yangu ikapoa, mandazi yakaliwa na wengine.

Kurudi tulipitia Rongai, na Rongai ni Rongai. Foleni, matope, matatu zinazopanda kando ya barabara, na sasa ile manyunyu ikaamua kuwa mvua. Saa sikuiangalia tena. Nilizungusha cheni moja iliyotoka, nikabadilisha plagi kwa vidole visivyohisi kitu, nikamsukuma mtu aliyeishiwa mafuta hadi kituoni. Halafu, mbele ya kibanda cha mahindi, nani amesimama na tairi la nyuma limelala chini?

Tyubu zangu hazimfai, tairi lake ni tyubulesi. Tukamwita fundi wa boda wa upande wa pili. Akaja na mwavuli umefungwa kwenye kiti, akatia kisokoto, akapaka gundi, akakata kilichobaki kwa wembe. Alipokuwa akijaza upepo akatutazama, rifleketa mbili zinazofanana, majina yamefunikwa. "Nimeona wenzenu wakipita. Nyinyi ni kikundi gani?"

Nilimwachia bwana mkubwa ajibu. Sikuwa namtega, nilikuwa nimechoka tu.

Akaangalia viatu vyake. "Tunachangia watoto," akasema. "Unga, na sodo za wasichana."

"Hiyo ni poa," fundi akasema, kisha akamtoza mara mbili ya bei ya kawaida kwa sababu pikipiki ni kubwa. Bwana akalipa bila neno. Mimi pia sikusema neno, kutoka pale hadi Bomas.

Usiku ukumbini muziki ulikuwa umeshika, nasikia waliimba hadi sauti zikakauka. Sikuona. Nilikuwa stoo na yule msichana wa chuo, tukipanga unga na sodo kwa ajili ya gari la Jumapili asubuhi, soksi zangu zikining'inia dirishani. Anaandika vizuri sana huyo msichana, mistari imenyooka. Nimeshampa kazi ya orodha ya mwakani, hajui bado.

Bwana alikuja kuchukua kamera yake. Nikampa. Aliuliza kama mwakani anaweza kuwa mkia pia. Nikamwambia aje na pampu yake, tutaona.

Na wewe uliyeondoka na helmeti ya kijivu yenye mkwaruzo upande wa kushoto: si ya msafara, ni ya kukodi, na kila siku inahesabiwa kwangu. Jumatatu nafungua duka saa mbili asubuhi.