Corolla yangu ya zamani: leo ni zamu ya cheche

Jumamosi. Asubuhi nzima imeishia kwenye delko, kile kifaa kinachogawa cheche kwa silinda. Tangu mwezi jana gari linachoka likipanda mlima wa Kadutu, hapa Bukavu, mpaka nirudi gia ya kwanza, na buji (plagi za cheche) ni mpya, waya ni mpya. Likabaki swali moja: cheche inaruka wakati gani?

Petroli haiwaki yote mara moja. Moto huchukua kama milisekunde 2 kuenea ndani ya silinda. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, ndani ya milisekunde 1 inageuka digrii 4.5 tu (mzunguko mzima ni digrii 360). Ikifika 3,000, milisekunde ileile ni digrii 18. Ndiyo maana mwendo ukiongezeka cheche lazima itangulie zaidi kabla pistoni haijafika juu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na vyuma vizito na springi ndani ya delko. Kwenye injini yangu, 4A-FE, kuhusu wakati wa cheche delko hutuma ishara tu, kompyuta inaamua, halafu umeme wa bobini, ile koili inayozalisha cheche, unakatwa. Ndiyo, unakatwa: cheche huzaliwa pale umeme unapozimwa. Nilipoelewa hilo niliacha spana chini nikatulia kidogo.

Wiki jana nilipima na taa ya kumweka, inayomulika puli kila cheche inaporuka, bila kuunganisha TE1 na E1, vitundu viwili vya soketi ya kupimia. Kompyuta ilikuwa ikiendelea kurekebisha, alama ikacheza tu. Leo nimeweka kipande cha waya kati ya TE1 na E1, mdogo wangu akashika taa.

“Yaya, imesimama!”

Chaki niliyopaka kwenye puli ilikuwa imeganda kwenye digrii 4 kabla ya pistoni kufika juu. Inatakiwa 10, injini ikiwa imeshapata moto. Nikalegeza bolti za delko, nikaizungusha kiasi cha unene wa ukucha, ikafika. Nilipotoa waya, chaki ikaruka mbele yenyewe. Kompyuta imerudi kazini.

Alasiri tulipanda Kadutu kwa gia ya pili, vioo wazi ili nisikie kama injini inagonga, yaani cheche imetangulia mno. Haikugonga.

Kimebaki kitu kimoja. Bukavu tuko karibu mita 1,500, hewa ni nyepesi, na kompyuta hupima mzigo wa injini kwa presha ya hewa inayopita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye sensa. Mpira wangu umekauka, una ufa mwishoni. Ukivuja, kompyuta itadhani injini imebeba mzigo mzito na itachelewesha cheche tena. Jumatatu natafuta mwingine.