Mtu wa simu

Baba alikuja Uingereza mara moja tu maishani mwake, mwaka 2009, akakaa kwangu Luton wiki tatu. Ilikuwa Mei, lakini koti halikumtoka. Kila nilipomwuliza angependa kuona nini, alinijibu, "Nipeleke utakako, mwanangu." Nikampeleka London. Akalitazama kasri la malkia kama mtu anayesubiri matatu ijae.

Jumamosi ya pili tukaenda Bletchley, si mbali kwa gari, ambako Waingereza walivunja siri za Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwenye hamu nilikuwa mimi. Kazi yangu ni kompyuta, na nilitaka aone zilikoanzia. Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakavyomweleza habari za Alan Turing, mwanahisabati wa pale, na Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe, maana nami kama wengi nilidhani kila mtambo wa pale ni kazi ya Turing.

Chumba cha Colossus, mtambo wa kielektroniki wa kuvunja siri, kina joto lake. Baba akavua koti. Mtambo uliopo ni wa kuundwa upya, kazi iliyoanzishwa na Tony Sale mwaka 1993 kwa picha chache na vipande vya michoro. Umesimama kama makabati marefu yasiyo na milango, valvu, vile vichupa vya kioo vya kielektroniki, zinawaka rangi ya machungwa, na pembeni ipo fremu ya magurudumu ambayo wenyewe waliiita kitanda. Juu yake unakimbia utepe wa karatasi wenye matundu ya herufi, herufi 5,000 kwa sekunde, hata matundu yake huyaoni.

Nikaanza hotuba yangu. Baba akainua mkono, ninyamaze. Alikuwa anasikiliza.

"Hii ni eksichenji," akasema, yaani mitambo ya kuunganisha simu.

Baba alifanya kazi Posta, Mombasa, upande wa simu, miaka thelathini na ushei. Aliingia kijana wa kuvuta nyaya akastaafu fundi wa mitambo. Nyumbani kazi yake tuliijua kwa harufu ya lehemu kwenye shati, basi. Hakutueleza, nasi hatukuuliza. Siku ile alinionyesha kimoja kimoja: rilei hizi, swichi zile zinazopiga hatua, mafungu ya nyaya yaliyokazwa kwa uzi wa nta. "Fundo hilo nimelifunga mpaka vidole vikaota sugu."

Mzee mmoja aliyekuwa akijitolea kutembeza wageni akaona vile anavyonyoosha kidole, akamwuliza kama amewahi kufanya kazi ya simu. Baba akamjibu kwa Kiingereza chake cha Posta. Yule mzee akacheka. Akasema basi huu ni mtambo wa mwenzako.

Aliyeuunda ni Tommy Flowers, mtoto wa mwashi kutoka Poplar, mashariki mwa London, mhandisi wa Posta ya Uingereza kwenye kituo cha utafiti cha Dollis Hill. Wanahisabati wa Bletchley walikuwa wakihangaika na mashine ya Lorenz, iliyoficha ujumbe wa makamanda wakuu wa Hitler. Si Enigma, hotuba yangu yote ilikuwa imeenda na maji. Mtambo wao wa awali uliendesha tepe mbili sambamba, na tepe zilikuwa zikichanika au kuachana hatua. Flowers akashauri ibaki moja, kazi ya ile ya pili ifanywe na valvu. Lakini zingehitajika zaidi ya 1,500, na wakubwa hawakuamini. Kila mwenye redio alijua valvu huungua. Flowers alikwisha kuzitumia kwenye mitambo ya simu kabla ya vita, akajua kinachoziua ni kuwashwa na kuzimwa. Ukiwasha ukaacha, zinadumu.

"Hazizimwi!" Baba akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyebisha. "Kule kwenye simu za mbali, nani angethubutu kuzima?"

Flowers na mafundi wake waliumaliza kwa miezi kama 11, na Februari 1944 ukaanza kazi. Vita vilipokwisha ilikuwapo kumi. Kisha akaamriwa aichome michoro, naye akaitia kwenye tanuri kwa mkono wake. Alipewa pauni 1,000, ambazo hazikurudisha hata fedha alizotoa mfukoni. Baadaye aliomba mkopo benki aunde mtambo wa namna ile, akakataliwa kwa kuwa hawakuamini ungefanya kazi. Hakuweza kuwaambia kwamba amekwisha kuuunda. Siri hiyo ilikaa mpaka miaka ya 1970.

Mzee yule akampa Baba kipande cha utepe. Baba akakiinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya matundu, safu baada ya safu, kama alivyokuwa akifanya enzi za teleksi. "Tundu la kwanza peke yake, E. La tano peke yake, T. La katikati, nafasi." Akaendelea kidogo, akakunja uso. "Haya si maneno."

"Ndiyo maana wakaunda mtambo," mzee akamwambia.

Alipojua tumetoka Mombasa akatutajia Kilindini. Mwaka 1942 wavunja siri wa Waingereza walihamia huko kutoka Colombo, wakawekwa kwenye shule ya Allidina Visram, na ndiko walikovunja msimbo wa meli za biashara za Japani. Mimi nilibaki mdomo wazi. Baba, ambaye shule hiyo aliipita kwa baiskeli miaka nenda miaka rudi, alisema "Kumbe," akarudi kwenye rilei zake.

Jioni aliniomba kadi ya kupigia simu nje. Akampata mwenzake waliyestaafu pamoja, akakaa kwenye ngazi na viatu miguuni. Nilikuwa jikoni nikikaanga samaki, namsikia. Hakutaja vita wala kompyuta. Alieleza nyaya zilivyofungwa, upande gani rilei, upande gani valvu. "Mtu wa simu, bwana! Wa simu kama sisi!"

Kadi ilikuwa ya pauni tano. Iliisha akiwa katikati ya valvu, akaja jikoni kuuliza duka linafungwa saa ngapi.