Mashua ya mtumba, shombo la nyongeza

Mashua niliyonunua Bagamoyo ilikuwa safi kwa juu. Nilipong'oa mbao za chini, loo! Ngama, kule chini kabisa maji yanakotuama, imejaa maji meusi, magamba, vipande vya nyavu na mkia wa samaki taa. Fundi akacheka: "Hilo shombo, mjomba, nusu ni samaki, nusu ni sifa, yale mafuta ya samaki papa waliyopaka mbao."

Siku ya kwanza nilikumba maji tu, ndoo baada ya ndoo. Ya pili, sabuni ya unga, maji moto na brashi ngumu, magoti yakachubuka. Kisha siki. Jiki niliiacha mpaka nimesuuza siki yote. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na mle ndani pumzi yenyewe ya kubahatisha.

Leo mbao ziko juani. Mke wangu bado ananilaza barazani.