Kabla bwawa la topesumu halijajazwa: laina na sampuli za maji, Chunya

Bwawa la topesumu, yaani tope lenye kemikali linalobaki baada ya dhahabu kutolewa, likishajazwa, hakuna mkaguzi atakayeuona tena mshono wa laina, ile plastiki inayotandikwa chini ili bwawa lisivuje. Anabaki na makaratasi ya mkandarasi na maji ya visima vya uchunguzi vinavyolizunguka. Kwa hiyo kwa mitambo ya Chunya, Makongolosi na upande wa Songwe, iwe ya CIP (inayonasa dhahabu kwa mkaa) au vati za kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza, ukaguzi wenye maana ni ule unaofanyika kabla sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, haijafika getini. Mmiliki anayewaita wakaguzi bwawa likiwa limeshajaa anawaita waje kutazama tope.

Huja NEMC (baraza la taifa la mazingira), Tume ya Madini, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, na Mkemia Mkuu wa Serikali kwa upande wa kemikali. Huyu wa bonde asipuuzwe. Maji ya Mto Lupa huishia Ziwa Rukwa, na Rukwa haina mto unaotoka. Kinachoingia humo hakina pa kwenda.

Tuanze na udongo, maana mafundi wengi hukimbilia plastiki. Udongo wa mfinyanzi chini ya laina hutandazwa kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa, kwa kawaida hadi asilimia 95 ya kipimo cha Proctor, yaani msongamano wa juu uliopatikana maabara kwa udongo huo. Ukiachwa wazi siku kadhaa kwenye jua la Chunya hupasuka nyufa, na hapo kipimo cha juzi hakina thamani tena: unyeshewe maji, ushindiliwe upya. Halafu kuna vipande vya mawe meupe, yale yale yanayofuatwa na wachimbaji kwa sababu hubeba dhahabu. Vina ncha kali, na uzito wa tope la mita kumi utavisukuma vipenye plastiki hata kama siku ya kutandika hakuna aliyeviona. Mkaguzi atembee eneo lote kwa miguu na kusaini kila kipande cha ardhi kabla hakijafunikwa. Kusaini baada ya kufunikwa ni uongo wa ofisini.

Laina inayotumika sana ni HDPE, plastiki ngumu nyeusi, ya unene wa milimita 1.5 au 2. Kila roli ina namba ya kiwanda. Namba hiyo ioane na cheti chake na iandikwe kwenye ramani ya bwawa. Kwenye mteremko, mishono ishuke kutoka juu kwenda chini. Mshono unaokatiza mteremko hubeba mvuto wote wa plastiki, na ndio hufunguka kwanza. Kingo za juu zifukiwe kwenye mtaro, ila mtaro usijazwe mchana. HDPE hutanuka karibu milimita 0.2 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kipande cha mita 100 kikitoka nyuzi 20 za asubuhi hadi 50 za mchana kinaongezeka karibu sentimita 60. Ukikifukia kikiwa kimetanuka, usiku kinasinyaa na kunyanyuka kwenye kona kikiwa kimekaza, hakigusi ardhi. Ukikichomelea kikiwa na mikunjo, mkunjo huo hulala chini ya tope na kupasuka polepole.

Kwenye kuchomelea ndiko penye mambo. Kila fundi na kila mashine ianze na kipande cha majaribio: mwanzo wa zamu, baada ya saa nne au tano, na kila umeme ukikatika. Jenereta ndogo yenye umeme unaopanda na kushuka ni adui mkubwa, kwa sababu joto la mashine huyumba na mshono unaonekana mzuri kwa macho huku haujashika. Vumbi na umande hufanya vivyo hivyo.

Mshono wa mashine huwa na mistari miwili na njia ya hewa katikati. Unaziba ncha zote mbili, unachoma sindano ya pampu, unajaza hewa hadi karibu kilopaskali 200, unasubiri itulie, kisha unahesabu dakika tano. Kwa plastiki ya milimita 1.5, upungufu usizidi kilopaskali 20 hivi. Kisha, na hapa ndipo wengi huruka, fungua ncha ya pili isiyo na geji. Geji isiposhuka papo hapo, njia ya hewa imeziba mahali fulani na umepima nusu tu ya mshono.

Viraka, kona na mahali bomba linapopita huchomelewa kwa mkono, na hapo hakuna njia ya hewa. Tumia sanduku la kioo la kufyonza hewa: paka maji ya sabuni, fyonza, tazama sekunde kumi hivi. Povu likitoka, pana tundu. Mahali bomba linapopita ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi kuliko kwingine kote.

Kisha kuna vipande vya kukatwa, kwa kawaida kimoja kwa kila mita 150 za mshono, vivutwe kwa mashine hadi vikatike. Usisome namba ya nguvu peke yake. Plastiki yenyewe inatakiwa ichanike huku mshono umeshika. Mshono ukiachana kama gundi ya bahasha, umefeli hata kama namba ni nzuri. Ukifeli, kata vingine mita tatu kila upande hadi upate palipofaulu, kisha sehemu yote ya katikati irudiwe.

Rekodi za kupikwa zinajionyesha. Geji inasoma namba ile ile ukurasa mzima, au majaribio 30 kwa saa moja kwa timu yenye pampu moja. Jaribio moja pamoja na maandalizi halipungui dakika kumi. Hesabu mwenyewe.

Sasa maji. Sampuli za mwanzo zichukuliwe kiangazi na masika, kabla ya uzalishaji. Lupa imechimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920 na zebaki imetumika sana. Usipokuwa na namba za awali, zebaki ya wachimbaji wa zamani itaandikwa jina lako, au yako utamsingizia mwingine.

Kisimani anza kwa kupima kina cha maji, ndipo uyatoe yaliyolala: ujazo wa bomba mara tatu. Bomba la milimita 100 lina karibu lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo mita 12 za maji ni lita 96, mara tatu ni 288. Ndoo mbili tatu hazitoshi. Endelea hadi pH, yaani kipimo cha uasidi, na kipimo cha chumvichumvi, yaani EC, vitulie kwa vipimo vitatu mfululizo. Anza na kisima kilicho upande wa juu wa mteremko kuliko bwawa, malizia na bwawa lenyewe. Mtoni ni kinyume: anza chini ukipanda juu, usije ukachota matope uliyoyatibua mwenyewe.

Chupa za metali huwekwa asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Kama unatafuta metali zilizoyeyuka, chuja kwanza kwa kichujio cha mikroni 0.45. Chupa ya sianidi huwekwa kostiki soda hadi pH ipande juu ya 12, ikae gizani kwenye barafu, ifike maabara ndani ya siku 14. Ukichanganya chupa, asidi ikaingia kwenye sianidi, unatengeneza gesi ya kuua. Andika lebo kabla ya kuchota. Weka pia chupa ya maji safi ya maabara na chupa ya pili ya sampuli ile ile, moja kwa kila sampuli kumi, bila kuwaambia maabara ni ipi.

Majibu yakirudi, watu huangalia sianidi tu na kupumua. Sianidi hunaswa na udongo na kuvunjika njiani, hivyo inaweza isionekane kisimani wakati bwawa linavuja. Zinazotangulia ni EC, sodiamu, salfeti na naitreti. Zikipanda kwenye kisima cha chini huku cha juu kimetulia, rudi kwenye ramani ya mishono utafute kiraka au bomba lililo upande huo. Penye laina mbili, pima kila siku maji yanayotoka katikati yake: yenye pH ya 10 ni ya bwawa, yenye pH ya kama 7 huenda ni ya mvua au ya chini ya ardhi.